UPEKUZI HUANZA KITUONI

Kupekua nyumba ya mtu ni kazi nzito, kwani humwingiza askari mahali ambapo hata jirani hapiti bila ya kubisha hodi. Ndiyo maana twasema upekuzi huanza kituoni, wala hauanzi mlangoni. Askari wasioambiwa kabla ya kuondoka waendako ni nyumba ipi, watafutacho ni nini, nani wamo ndani, na mkubwa wao huko ni nani, hao wamepelekwa kubahatisha.

Tazameni yaliyotokea Louisville, Marekani, usiku wa tarehe 13 Machi, 2020. Polisi walivunja mlango wa Breonna Taylor, mfanyakazi wa hospitali mwenye umri wa miaka 26, wakitafuta dawa za kulevya katika kesi iliyomhusu mwanamume aliyekuwa rafiki yake zamani. Kijana aliyekuwa naye ndani alidhani wamevamiwa, akafyatua risasi moja. Polisi wakajibu kwa risasi 32. Mwanamke akafa, na dawa hazikuonekana. Hata gari la wagonjwa lililowekwa tayari lilikuwa limekwisha kuruhusiwa kwenda zake. Mwaka ule ule mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 12, na kuagiza kwamba maombi ya hati za upekuzi yapitiwe na wakubwa wa polisi kabla ya kufikishwa kwa hakimu. Agizo jema, lakini lilikuja baada ya maziko.

Lakini mpango peke yake si dawa. Msako wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili, 1954, Mwingereza aliupa jina la Anvil, akaupanga kwa siri na kuuzungushia mji askari wapatao 25,000. Kila kikosi kilijua mahali pake. Na waliloagizwa lilikuwa nini? Kuwatafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wafanyakazi, wakaondolewa mjini. Maelfu wakaishia kizuizini bila ya kesi. Mpango uliomfanya mtu mshukiwa kwa kabila lake hauwezi kusafishwa na utaratibu wowote.

Kwetu Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba huilinda nafsi ya mtu na maskani yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya mawio na machweo, ila kwa ruhusa ya mahakama, na kila kilichochukuliwa kiandikiwe stakabadhi yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi. Dharura ina njia yake, lakini dharura ya kila siku si dharura. Mahakama ya Rufani imekwisha kuvitupa vielelezo vilivyopatikana kinyume cha utaratibu, na mwenye hatia akaenda zake huru.

Mara nyingi shahidi huyo ni balozi wa nyumba kumi, naye ni mtu wa Chama. Aitwe kabla mlango haujafunguliwa, asiitwe baadaye kutia sahihi asichokiona. Na kwa kuwa tangu 1992 vyama ni vingi, nyumba ikiwa ya mtu wa chama kingine, afadhali aitwe jirani asiye kiongozi wa chama chochote. Wako wenzetu ambao hawatalipenda neno hili.