Dalali Asiyerudi

Madalali wengi wa nyumba na viwanja Dar es Salaam huamini kwamba mtu hununua nyumba mara moja tu maishani, kwa hiyo akishalipa na udalali ukishagawanywa, namba yake ya simu haina kazi tena. Wanunuzi nao wameizoea hali hiyo. Hawashangai tena dalali aliyekuwa akipiga simu mara sita kwa siku anapoacha kupokea wiki moja baada ya mauzo. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake unaanza pale inapochukulia mkataba kuwa ndio mwisho wa mauzo.

Mkataba hutiwa saini kwa wakili au serikali ya mtaa, pengine kwa saa moja, lakini umiliki hauhami saa hiyo. Nyumba yenye hati bado inadai uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji (kwa kawaida muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida), ushuru wa stempu, idhini ya Kamishna wa Ardhi na usajili kwa Msajili wa Hati. Muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zake zote hana haraka ya kushughulikia kodi. Akihama mji, au akifariki na warithi wakaanza kuvutana, mnunuzi hubaki na karatasi yenye mhuri huku hati ikiendelea kusoma jina la mtu mwingine. Mtu pekee anayezijua pande zote mbili, na aliyekaa sebuleni na mke wa muuzaji siku ridhaa yake ilipotakiwa, ni dalali.

Mambo madogo huuma mapema zaidi. Deni la maji la mwenye nyumba wa zamani hugundulika siku mafundi wanapokuja kukata. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme wa LUKU, hivyo aliyenunua nyumba iliyokaa tupu kwa miezi hununua umeme, kodi ya miezi hiyo ikakatwa kwa pamoja, akaona uniti chache, akadhani mita ni mbovu. Dalali anayepiga simu wiki ya kwanza kuuliza habari za maji na umeme huyamaliza mambo hayo kwa dakika tano.

Kiwanja kitupu kina hatari zake. Mvua za masika hufukia mawe ya mipaka, jirani husogeza uzio hatua mbili, na mnunuzi anayefanya kazi Muscat au London hana habari. Picha ya mawe yote manne, ikitumwa kila baada ya masika, ina thamani kwake kuliko salamu yoyote.

Salamu zenyewe ndizo zinazopotosha. Wapo madalali wanaojisifu kwamba hufuatilia wateja, kumbe hurusha ujumbe mmoja wa Idi au Krismasi kwa namba zote, chini yake picha ya maghorofa mapya yanayouzwa. Hilo ni tangazo lililovalishwa kanzu. Kumfuatilia mteja ni kumuuliza kuhusu nyumba aliyokwisha nunua: hati imefika wapi, kodi ya pango la ardhi ya mwaka huu imelipwa?

Hata hoja ya "mara moja maishani" haisimami. Mnunuzi akihamishiwa Dodoma hutafuta mpangaji. Dada yake hutafuta kiwanja, wenzake wa kikoba huuliza nani alimsaidia, na siku moja nyumba hiyohiyo hurudi sokoni. Kila mara, dalali aliyetoweka huwa ameacha nafasi kwa mwenzake.

Si kazi yote hii inayopaswa kuwa ya bure. Simu ya kwanza na picha ya mipaka ni sehemu ya udalali uliokwisha lipwa. Kufuatilia hati kwa miezi ni kazi nyingine yenye malipo yake, na malipo hayo yaandikwe kabla ya kazi kuanza, si kuombwa kwa jina la "nauli" kila dalali anapokwenda ofisi ya ardhi.