Sanduku la Mimea Nalo Lahitaji Pumzi

Nyumba zetu za mjini zimepanda juu na nyua zimetoweka. Familia iishiyo ghorofa ya nne haina tena mahali pa kuotesha mchicha wala rehani, na dirisha lake aghalabu hutazama ukuta wa jirani. Ndipo wengi wakaligeukia sanduku la kuoteshea mimea ndani ya nyumba, lenye taa zake lenyewe. Ni jambo jema, ila mara nyingi fikira zote huishia kwenye taa, na miche hufa siku chache baada ya kuchipua.

Kiiuacho si kiza, bali hewa iliyofungwa. Taa hutoa joto. Udongo na majani hutoa mvuke. Vikikosa njia ya kutokea, ukungu hupata makao. Shina la mche hulainika pale linapogusa udongo, likawa jembamba kama uzi, na mche ukalala. Ukishalala hauinuki.

Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliijua kanuni hii. Waliacha kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, ili hewa yenye joto ipande na kutoka, nayo iliyo baridi iingie kwa chini. Sanduku letu tulijenge kwa kanuni hiyo hiyo.

Mwambie seremala akate plaiwudi, atengeneze sanduku la upana wa sentimita 60, kina 60 na kimo 120. Ndani lipakwe rangi nyeupe ili mwanga urudi kwenye majani. Juu, upande wa nyuma, itiwe feni ya kompyuta ya sentimita 12, itumiayo volti 12, ikielekezwa kutoa hewa nje. Chini, upande wa mbele, yatobolewe matundu matatu ya sentimita 8 kila moja. Jumla ya matundu ya kuingizia ni lazima iuzidi upenyo wa feni, la sivyo feni itahangaika bure. Yote yafunikwe kwa kitambaa cha chandarua.

Kisha lijaribuni. Fungeni mlango, washeni feni, mshike kipande cha karatasi laini mbele ya tundu la chini. Kikivutwa ndani, sanduku lapumua. Kikitulia, hewa yaingia kwa mpenyo mwingine, pengine ukingoni mwa mlango. Zibeni mpenyo huo. Feni iachwe ikizunguka hata taa zikizimwa, kwani unyevu hauondoki pamoja na mwanga.

Hata hivyo, feni haiwezi kulifanya sanduku liwe baridi kuliko chumba lilimo. Wakati wa kaskazi, joto la Mombasa lipitapo nyuzi 30, dhania hukimbilia kutoa maua kabla ya kutoa majani ya kutosha. Miezi hiyo oteshani mchicha na rehani, vipendavyo joto; dhania ingojee kusi.

Gharama nayo ijulikane mapema. Taa za LED za wati 40 zikiwaka saa 14 kwa siku hula takriban yuniti 17 za umeme kwa mwezi. Mwenye kutaka fungu moja tu la rehani kwa mwezi atalipata sokoni kwa bei nafuu zaidi.

Lililo zito kuliko yote ni usalama wa watoto. Nyaya na adapta zifungwe juu, mbali na maji na mbali na mikono midogo. Visahani vya chini ya vyungu vimwagwe maji na kusuguliwa kila baada ya siku chache, kwa kuwa mbu aenezaye homa ya dengi hutaga katika maji safi yaliyotuama, na ndani ya juma moja hivi mayai yake huweza kuwa mbu kamili. Nyumba isiyoweza kuyatunza haya mawili ni heri iweke chungu kimoja dirishani, hata kama mwanga wake ni haba.