Sote Tunataka Kuwa Wenyeviti

Mwezi uliopita vijana wa kanisa letu hapa Namoto tulikaa chini ya mkorosho kuchagua viongozi. Tulikuwa watu 11. Uenyekiti uligombewa na watu 6. Ukatibu, 4. Uweka hazina ndiyo usiseme, pesa hatuna lakini ufunguo wa sanduku kila mtu anautaka. Kisha mzee mmoja akauliza, "Haya wanangu, na choo cha kanisa atachimba nani?" Kimya. Watu wakaanza kuangalia simu, na mtandao wenyewe siku hiyo haukuwepo.

Leo nataka tuambizane ukweli, na wa kukasirika akasirike. Sisi Wakristo tuliotawanywa na vita hivi, tuliolala Pemba, tuliovuka Rovuma tukalala upande wa Kilambo bila hata mkeka, tumerudi na ugonjwa. Ugonjwa wa ukubwa. Na tumeuingiza kanisani, tumeuvisha nguo nyeupe, tunauita wito.

Najua ulikotoka. Baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, wengi tulijifunza maisha ya mgao. Mchele, maharage, mafuta, turubai, vyote vinapita kwenye orodha, na orodha ina mtu anayeshika kalamu. Mwenye kalamu halali njaa, na shemeji yake pia halali njaa. Mtoto anayekua akiona hivyo, unadhani atatamani kuwa nani? Hatamani kuwa mwalimu wala mvuvi. Anatamani kuwa wa kalamu. Kwa hiyo sisemi kwamba vijana wetu wamezaliwa wabaya. Nasema tumefundishwa kwamba cheo ni sahani, na sasa hata mbele ya madhabahu tunanyoosha mikono tukidai sahani.

Na mimi nimo. Nilipopewa kizibao chenye nembo ya mradi wa vijana nilianza kutembea kwa kifua mbele. Watu wazima waliniamkia, nami nikaona sawa tu. Siku moja ya mgao niliandika jina la nyumbani kwetu juu ya jina la bibi mmoja mjane, na bibi yule alikuwa amefika alfajiri, kabla yetu sote. Turubai zikaishia kwetu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya mjukuu wangu, na wewe una mama yako." Akajitwika ndoo yake tupu akaondoka. Usiku ule ilinyesha. Mvua ile niliisikia yote, tone kwa tone, nikiwa pakavu. Jumapili iliyofuata nilisimama kuongoza maombi, na sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa. Hicho ndicho kinachonitisha mpaka leo.

Kuna wenzangu wananiambia, "Wewe acha bwana. Vita imetunyenyekeza vya kutosha. Umetuona tukipanga foleni ya maji, tukivaa nguo za kupewa. Unyenyekevu gani tena unautaka?"

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inachanganya vitu viwili. Sisi tulidhalilishwa. Kudhalilishwa ni kusukumwa chini na mwingine. Kunyenyekea ni kushuka mwenyewe, na anayeshuka ni yule aliye na kitu cha kuweka chini. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika sura ya pili anawasihi wasifanye jambo kwa kujitafutia ukubwa, kila mmoja aangalie pia faida ya mwenzake. Mfano anaowapa si maskini aliyekosa. Ni Kristo, aliyekuwa na vyote, asiking'ang'anie cheo chake, akachukua hali ya mtumwa. Kwa hiyo mahubiri ya unyenyekevu yasianze kwa yule bibi mjane. Yeye hana cha kushushia. Yaanze kwa mwenye kalamu, mwenye kizibao, mwenye ufunguo wa sanduku.

Hapo nawageukia na wale wanaotumia unyenyekevu kama kufuli la mdomo. Kijana akiuliza mchele umekwenda wapi, anaambiwa ana kiburi, anyenyekee, aombe. Hapana. Kunyamazia wizi hakuna unyenyekevu ndani yake, ni woga tu. Mnyenyekevu anauliza, na swali lake halitafuti kiti cha anayeulizwa. Anataka bibi apate turubai, basi.

Tukitaka mfano, tusiende mbali. Oktoba 2020 maelfu ya watu walishuka kwa mashua kwenye ufuko wa Paquitequete kule Pemba, wakikimbia mashambulio ya huku kaskazini. Waliowafungulia milango ni watu wa mtaa ule, wengi wao Waislamu, na si matajiri. Nyumba ya vyumba viwili ikalaza familia tatu, nne. Mwenye nyumba analala uani, mgeni analala ndani. Hakuna aliyemchagua kuwa mwenyekiti wa kitu. Halafu sisi wenye Wafilipi sura ya pili tunagombania kiti cha plastiki.

Au mtazameni Sista Maria De Coppi. Alikuja Msumbiji mwaka 1963 na akabaki. Vita ya uhuru ikamkuta, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikamkuta, naye yupo. Aliuawa Septemba 2022 kwenye misheni ya Chipene, mkoa wa Nampula, akiwa na zaidi ya miaka 80. Karibu miaka 60 ya kazi, na wengi wetu jina lake tulilisikia siku alipokufa.

Ng'ambo ya mto nako, wazee wetu waliokimbilia Tanganyika wakati wa vita ya ukombozi wanakumbuka habari za Nyerere. Januari 1962, uhuru hata miezi miwili haujatimiza, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama. Ndiyo, Desemba mwaka huohuo akawa rais, sisemi alikuwa malaika. Nasema kiti kilimtoka mkononi bila kuvunjwa vidole. Sisi ukatibu wa kwaya tu unatoka na damu.

Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Maana yake ukiwa mkubwa, taka zote zinatupwa kwako: lawama, kelele, kazi chafu. Sisi tunautaka ukubwa, jalala hatulitaki.

Basi napendekeza mambo matatu, na nitayasema tena mkutanoni. Kwanza, orodha yoyote inayopitia kanisani isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla mgao haujaanza, na jina la mwandishi na la jamaa zake liwe mwisho. Pili, kiongozi wa vijana akae miezi 6 tu, kisha apishe. Tatu, anayetaka kugombea aonyeshe kwanza kazi aliyoifanya bila kuitwa jina: maji aliyomchotea mgonjwa, kaburi alilochimba, choo.

Najua mtasema ninajitafutia sifa kwa kuandika haya. Inawezekana. Moyo una vichochoro vingi. Ndiyo maana kizibao nimekirudisha, na kwenye uchaguzi wa marudio jina langu halimo. Kwa yule bibi nimekwenda, nikamweleza nilichokifanya. Alicheka, akasema alijua siku ileile. Paa lake tumeliezeka kwa makuti, sisi vijana wawili.

Choo bado. Jembe ninalo moja, sururu ninaiazima. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakaza. Wale 6 wa uenyekiti nawasubiri.