Saa mbili ya nani? Simu inayojibu yenyewe inahitaji Kiswahili chetu

Wanachuo wenzangu, pita maabara ya kompyuta kipindi cha wenzetu wa mwaka wa mwisho kuwasilisha miradi. Karibu kila mmoja ana aplikesheni: ya kuuza mahindi, ya kutafuta geto, ya kumkumbusha mama mjamzito kliniki. Ni kazi nzuri na sina ugomvi nazo. Ila kuna swali huwa halijibiwi pale mbele: mkulima wa Namtumbo mwenye kiswaswadu ataifungulia wapi hiyo aplikesheni?

Hoja yangu ni fupi. Chuo chetu kianze kujenga huduma za simu za sauti, zile unazopiga namba, mashine ikapokea, ikaongea na wewe, ukabonyeza moja au mbili. Na sisi wanafunzi ndio tuidai. Programu ya kuzijenga ipo na ni ya bure. Sehemu ngumu iliyobaki ni Kiswahili chenyewe, na hiyo tusitegemee mtu wa mbali aje atufanyie.

Kila siku tunasema "nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli" tukitaka kutuma hela. Hiyo nyota kwa Kiingereza ndiyo asterisk, na Asterisk ndilo jina la programu ninayoizungumzia. Aliyeianzisha mwaka 1999 ni Mark Spencer, kijana aliyekuwa akisoma Auburn University kule Alabama, Marekani. Alikuwa na kakampuni kadogo, akahitaji mtambo wa simu wa ofisi, akaona bei haishikiki. Badala ya kulalamika akaandika programu ya kuifanya kompyuta ya kawaida iwe mtambo wa simu, halafu akaiachia watu waitumie na kuibadilisha bure. Leo inatumika dunia nzima. Miaka michache baadaye wakaja wenzake kina FreeSWITCH na Yate, nao bure vilevile.

Siri ya programu hizi ni kwamba zimejengwa kwa vipande. Fikiria bodaboda: cheni ikichakaa unanunua cheni, hununui pikipiki. Kwenye Asterisk kuna kipande cha kuongea na laini ya simu, kingine cha kubana sauti, kingine cha kucheza maneno yaliyorekodiwa, kingine cha kusikiliza namba uliyobonyeza, kingine cha kupanga foleni ya wapigaji. Wewe unaandika faili moja la maelekezo: simu ikiingia, pokea, cheza salamu, subiri namba, akibonyeza 1 mpeleke huku. Ukihitaji kuuliza kanzidata, unaandika programu yako pembeni kwa PHP au Python, vitu tunavyofundishwa tayari, na unaiunganisha. Huhitaji kujua yote. Mwanafunzi mmoja anaweza kushika kipande kimoja na kikawa mradi kamili.

Na gharama? Hapa wengi wanadhani ni mambo ya Dar. Kompyuta ya zamani yenye Linux inatosha kuanzia. Mimi na wenzangu wawili tumeifunga kwenye mashine iliyokuwa imelala, tukaunganisha simu zetu kwa mtandao wa ndani, bila intaneti na bila vocha. Mwenzetu wa kutoka Mbinga akarekodi salamu, tukapiga, mashine ikatukaribisha kwa sauti yake. Ilituchukua wikiendi moja.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo kazi ilipo. Mashine hizi huongea kwa kuunganisha vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Kwa Kiingereza unarekodi "two" mara moja, unaibandika mbele ya kitu chochote. Kwetu haiendi hivyo. Watu wawili, mifuko miwili, magunia mawili, vituo viwili, siku mbili. Moja hadi tano, pamoja na nane, zote zinabadilika kufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mashine isiyojua hili itamwambia mkulima "una mifuko mbili ya mbolea", naye atajua mara moja kwamba anaongea na kitu kisichomjua.

Pesa nayo ina mambo yake. Kanuni ya Kiingereza ukiitafsiri neno kwa neno itasema "mia moja elfu", wakati sokoni hapa Songea ni laki. Na ukisema "elfu arobaini na tano", je, ni 45,000 au 40,005? Sisi tukiongea tunaelewana kwa muktadha. Mashine haina muktadha, lazima mtu akae chini aandike kanuni.

Lakini kubwa kuliko yote ni saa. Kompyuta inahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia macheo. Kliniki inaanza 8:00. Kanuni ya kigeni itasema "saa nane". Mama ametoka kijijini, amefika saa nane kweli, nane ya kwetu, jua la mchana, foleni imeisha na wahudumu wanafunga madaftari. Nauli imekwenda, siku imepotea, mtoto hajapata chanjo. Kosa la masaa sita, na programu haijaharibika popote, imefanya ilivyoelekezwa. Asterisk ina faili maalumu, say.conf, ambamo unaweza kuandika jinsi lugha yako inavyotaja namba, tarehe na saa. Mlango umeachwa wazi. Anayetakiwa kuingia ni mtu anayejua kwamba 8:00 asubuhi ni saa mbili.

Ndiyo maana nasema huu si mradi wa watu wa TEHAMA peke yao. Wenzetu wanaosoma ualimu wa Kiswahili wanajua ngeli kuliko sisi. Wakae meza moja na watu wa kompyuta. Kazi ya namba, saa na pesa kwa Kiswahili sanifu kinachosikika vizuri simuni ni shahada ya mtu hiyo, na ikikamilika itawafaa watu wa Kigoma, Mombasa na Bujumbura vilevile.

Najua pingamizi zitakazokuja. La kwanza: simu janja zinazidi kuenea, sauti ni mambo ya kizamani. Simu janja bila bando ni tochi tu. Na simu janja haimfundishi mtu kusoma wala haimrudishii mzee macho yake. Hata menyu za nyota na reli zinamtaka mtu asome haraka kabla hazijafunga. Sauti haidai lolote zaidi ya sikio.

La pili: nani atalipia dakika? Kweli, ni hoja. Mama yangu mdogo aliwahi kupiga namba ya huduma ya kampuni moja, akasikilizishwa muziki na Kiingereza mpaka salio likakata kabla hajafika kwenye "bonyeza". Lakini sisi ni taifa la kubipu! Mashine inaona namba iliyopiga, inakata bila kupokea, kisha inampigia yeye, na gharama inabebwa na taasisi. Hili si wazo la kijiweni. Shirika la Farm Radio International, ambalo limefanya kazi na redio za hapa Tanzania, lina mfumo wa aina hii wenye jina la Kiswahili, Uliza: wasikilizaji wanapiga kura kwa kubipu na kuacha maswali yao kwa sauti.

La tatu: sheria. Hapa nawaunga mkono wanaoogopa, kwa sababu kuna watu wametumia mitambo ya laini nyingi kupitisha simu za kimataifa kimagendo, na TCRA haiwachekei. Basi tusiende kienyeji. Majaribio yabaki ndani ya chuo, na tukitaka kuunganishwa na namba ya nje, chuo kiombe kama taasisi kwa kampuni ya simu yenye leseni. Sauti na namba za watu nazo ni taarifa zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Mtu aambiwe kama anarekodiwa, na akikataa iheshimiwe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri wa TEHAMA wa serikali ya wanafunzi, naomba upeleke mambo matatu kwa uongozi. Kwanza, kompyuta moja katika zile zinazosubiri kufutwa kwenye orodha ya mali itengwe kwa kazi hii. Pili, mradi wa sauti ukubalike rasmi kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, ukiwa na msimamizi mmoja wa kompyuta na mmoja wa Kiswahili. Tatu, huduma ya kwanza iwe yetu wenyewe: namba ya udahili inayojibu kwa Kiswahili saa 24, ili mzazi wa Tunduru ajue ada, tarehe ya kuripoti na vitu vya kuja navyo bila kupanda basi kuja kuuliza dirishani.

Mkoa wa Ruvuma una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022. Ningependa kabla sijavaa joho, hata mia tu kati yao wapige hiyo namba, waulize chuo kinafungua saa ngapi, na mashine iwajibu: saa mbili asubuhi.