Baba hakurogwa

Najua nimepotea siku nyingi, kazi za zamu mnazijua. Leo naomba mnisome mpaka mwisho, hata mtakaokasirika, maana nagusa jambo la familia.

Jumapili iliyopita nilikuwa Guangyuan Xilu, ile barabara ya hapa Guangzhou wanakofunga mizigo ya nguo na viatu wafanyabiashara wetu. Nikiwa sina zamu huwa naenda na mashine yangu ya presha, nawapima Waswahili wenzangu bure. Akakaa mama mmoja wa Kariakoo. Mashine ikasoma 190 kwa 110. Nikamwacha apumzike, nikarudia, ikawa vilevile. Akacheka: "Mwanangu, huu ni uchovu wa safari tu, mimi siumwi kitu." Mbele yake bakuli la tambi za kumwagia maji ya moto, unga wa viungo kautia wote. Siku ya tatu hiyo anakula hizo hizo. Dawa zake kaziacha Dar. Kesho yake nilimpeleka kwa daktari mwenyewe.

Jamani, nilimwona baba pale. Baba naye alikuwa haumwi kitu, mpaka asubuhi ile mdomo ulipokwenda upande na mkono ukalegea. Msibani mkasema katupiwa kitu, na jirani yetu mkamtaja kwa jina. Mimi mwenye shahada ya uuguzi nilikaa mkekani nikanyamaza, nikiogopa kuambiwa najifanya msomi. Nimejuta mpaka leo.

Sasa nasema: baba hakurogwa. Alikuwa na presha miaka mingi, dawa akimeza siku akijisikia vibaya tu. Na kikopo cha chumvi hakikutoka mezani. Ng'onda ana chumvi yake, mchuzi una vidonge viwili vya viungo, na bado aliongeza chumvi kabla hajaonja. Tuliompikia ni sisi.

Chumvi ikizidi, mwili unazuia maji, damu inaongezeka wingi na kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu, mchana na usiku. Miaka inapita, mishipa inakakamaa. Siku moja wa kichwani unaziba au kupasuka, ndiyo kiharusi. Moyo nao unachoka kusukuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, na humo imo ya kwenye mkate na viungo. Sigara, unene na mafuta ya chipsi yanayorudiwa nayo yanaua, sikatai. Ila chumvi ndiyo iliyo mikononi mwetu leo hii.

Msidhani Wachina wamepona. Wanakula karibu mara mbili ya kiasi hicho. Lakini wamejaribu kitu: katika vijiji 600 vya kaskazini, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi, au wenye miaka 60 na zaidi na presha, waligawanywa. Nusu ya vijiji wakapewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Matokeo yalitoka 2021, baada ya karibu miaka 5: viharusi vilipungua kwa asilimia 14, vifo kwa asilimia 12. Hawakubadilishiwa kingine, chumvi tu! (Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse chumvi hiyo, na anayemeza dawa za presha amuulize daktari kwanza.) Sisi potasiamu tunayo bustanini: mchicha, maharage, ndizi, parachichi.

Kwa hiyo mnaoniagiza dawa za Kichina za "kuosha mishipa", nisameheni, situmi. Natuma mashine ya presha, ikae kwa shangazi, kila mtu mzima apimwe. Mama, kikopo kiondoke mezani. Punguza kidogo kidogo, ulimi utazoea baada ya wiki chache. Kaka, dawa ni kila siku, hata ukijisikia mzima.

Na lile la jirani. Tumeacha kumsalimia kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nikija Desemba nitakwenda kumwomba radhi. Atakayenisindikiza aniambie mapema.

Nawapenda wote. Wasalimieni watoto.