Kurekodi Kwanza, Kuhariri Baadaye

Anayetaka kurekodi mazungumzo ya video na mtu aliye mbali, fedha chache alizonazo azielekeze wapi? Alipie programu ya kurekodi kwa mbali, au ya kuhariri video? Wengi hukimbilia ya pili, kwa kuwa huko ndiko kwenye mapambo. Kwa maoni yetu wanakosea.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi sauti inavyopotea. Mtu akizungumza kupitia Zoom, sauti yake hubanwa ili ipite kwenye intaneti, na mtandao ukilegea vipande vyake hudondoka njiani. Anayerekodi upande wa pili hupata kile tu kilichomfikia. Neno ambalo halikufika halipo, na hakuna uhariri utakaolirudisha. Programu kama Riverside na SquadCast hufanya vingine: kila mzungumzaji hurekodiwa ndani ya kifaa chake mwenyewe, kisha faili lake hupakiwa kwenye hifadhi ya pamoja. Mtandao ukiyumba, mazungumzo hukwama lakini rekodi husalimika. Sharti moja husahauliwa sana: mgeni asifunge ukurasa kabla faili lake halijamaliza kupanda.

Tunalisisitiza hili kwa sababu wanaohojiwa namna hii mara nyingi ni wazee. Video iliyokatwa vibaya yaweza kuhaririwa upya mwakani. Mzee wa miaka 80 huenda mwakani asiwepo wa kuulizwa tena.

Ama uhariri, huo una njia za bure. Audacity, iliyotoka mwaka 2000, yatosha kwa sauti. DaVinci Resolve ina toleo lisilolipiwa lenye uwezo mkubwa, ingawa kwenye kompyuta dhaifu ni adhabu tupu. Na mpaka baina ya aina hizi mbili unazidi kufutika: mwaka 2023 Descript, kampuni ya programu ya kuhariri, iliinunua SquadCast.

Asiye na fedha kabisa naye ana njia. Wazungumzaji wapigiane kama kawaida, na kila mmoja aweke karibu na mdomo wake simu nyingine inayomrekodi yeye peke yake. Mwanzoni wahesabu pamoja hadi 3 na wapige kofi, ili mhariri apate alama ya kulinganisha mafaili mawili. Kisha rekodi itumwe kwa WhatsApp kama faili, si kwa kuichezesha upya ndani ya ujumbe wa sauti.