Mafuta ya Karafuu Yasiuzwe Bado

Muhula uliopita Chama cha Sayansi kilileta habari iliyosisimua mabweni yote. Mafuta ya karafuu na ya mujaaja (ambao Waswahili wengine huuita kivumbasi) yalijaribiwa katika chumba cha sayansi, nayo yakazuia vijidudu. Tangu hapo pana shauri la kuyatia katika vichupa na kuwauzia wanafunzi kuwa dawa ya meno, ili chama kipate fedha. Mimi ni mwanachama, na shauri hilo nalipinga.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi wameisikia kwa masimulizi tu. Tulichukua visahani vyenye agari, yaani ule ute wa mwani ulioganda, tukapaka vijidudu vya maziwa ya mgando. Vya kinywani mwalimu alivikataza, na alikuwa na haki, kwa kuwa vijidudu vya mtu vikioteshwa kwa wingi huweza kuleta ugonjwa. Juu yake tukaweka viduara vya karatasi vyenye upana wa milimita 6, vimelowa mafuta. Baada ya siku mbili kisahani chote kilikuwa na ukungu mweupe, ila kukizunguka kiduara cha karafuu palikuwa na pete safi isiyoota kitu. Ni jambo la kupendeza kulitazama, sikatai.

Lakini pete ile yatuambia nini? Yatuambia kwamba vijidudu vya maziwa, vikiwa wazi na kukaa na mafuta usiku na mchana, haviwezi kuota. Basi. Kijidudu kijulikanacho sana kwa kuozesha meno ni kingine, Streptococcus mutans, kilichoelezwa na J. Kilian Clarke huko Uingereza mwaka 1924. Hicho hula sukari na kutoa asidi, na asidi ndiyo ilayo jino. Tena hakikai wazi. Hujificha ndani ya ukoga unaonata juu ya meno. Nayo dawa ya kusukutua hukaa kinywani nusu dakika, kisha mate huiosha. Mwaka 1683 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, muuza nguo asiyesoma chuo kikuu chochote, aliandika habari za vijidudu alivyoviona katika ukoga wa meno yake. Alisukutua kwa siki, akatazama tena, akaona kwamba siki iliua vya nje tu, haikupenya ndani. Hilo ndilo swali la pili, na chama chetu bado hakijaliuliza.

Hata upana wa pete hudanganya. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo hayasafiri vizuri katika agari. Wenzangu wanaosema mujaaja haufai, ati kwa sababu pete yake ni ndogo, wanakwenda mbio mno. Tena mujaaja si mmoja: mafuta ya mimea mingine yana eujenoli nyingi, kama karafuu, na ya mingine yana timoli. Kichupa cha muhula huu na cha muhula ujao huenda visiwe dawa moja.

Nisidhaniwe nawacheka bibi zetu waliotia karafuu katika jino bovu. Mafuta ya karafuu, hayo yatokayo Pemba na kwingineko, huwa na eujenoli kwa kadiri ya sehemu 70 hadi 90 katika 100, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Maumivu hupungua kweli, na hapo ndipo penye hatari. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza, aliyepewa mafuta hayo na rafiki yake, alitia pamba jinoni siku tisa bila kumwambia muuguzi. Shavu lilipovimba akapelekwa hospitali, jino likang'olewa, na ufizi ulikuwa umeungua kwa mafuta yasiyochanganywa. Na vichupa hivi vitafika nyumbani kwa wadogo zetu. Wapo watoto walioharibika ini kwa kunywa kijiko kimoja au viwili.

Mtu ataniuliza, mbona Listerine, iliyobuniwa mwaka 1879, yauzwa, nayo ina timoli, mentholi na yukaliptoli? Ni kweli. Lakini dawa za namna hiyo zimejaribiwa kwa watu wazima miezi sita mfululizo, wengine wakipewa maji ya rangi na ladha ya kufanana, na wote wakiendelea kupiga mswaki. Tukiwa na jaribio la namna hiyo, mimi mwenyewe nitabeba kikapu cha kuuzia.

Kwa sasa naomba turudie kazi: kiduara kisicho na kitu, kingine chenye spiriti tuliyochanganyia, na kingine chenye kloheksidini, ambayo madaktari wa meno huitumia. Kisha tujaribu kwa nusu dakika tu na kuosha. Kaka zetu mlio Mulago au Makerere, tuandikieni mkosoe mpango huu kabla hatujaanza. Na kama chama chataka fedha, kiuze miswaki na dawa ya meno yenye floridi, sehemu 1000 hadi 1500 katika milioni, ambayo kazi yake imethibitishwa. Duka la shule linalotuuzia peremende kila jioni litatupa nafasi ya rafu moja, nadhani.

Kura itapigwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Vichupa 40 vimekwisha kununuliwa, najua. Mwalimu wa kemia asema atavipokea vyote.